Mbao Mpya, Miguu ya Zamani



Ziko methali mbili za Kiswahili ambazo, ukizisikia pamoja, huonekana kana kwamba zinagombana. Ya kwanza yasema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yaonya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ya kwanza yatucheka sisi tunaokimbilia kila jambo jipya. Ya pili yatukataza kutupa kitu chetu cha siku nyingi kwa ajili ya kitu cha kupita. Lakini mtu afanye nini basi siku ile mbacha wake umechakaa kweli, wala hauwezi kulaliwa tena? Swali hilo methali zote mbili hazikulijibu. Juma hili tutalitafutia jibu mahali ambapo wengi wenu hamkutazamia, yaani katika theluji ya nchi ya Norwe, kwa watu wanaoteleza milimani juu ya mbao mbili.

Theluji si hadithi tupu kwa watu wa Kongo. Wakaao upande wa Beni na Mutwanga, asubuhi ambapo mawingu yamefunguka, huuona weupe ulioko juu ya milima ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita chafika meta 5,109. Weupe ule ni barafu na theluji, ijapokuwa siku hizi unapungua mwaka kwa mwaka. Sasa wazieni nchi ambako weupe huo haukai kileleni tu, bali hushuka mpaka mlangoni pa nyumba, ukafunika mashamba na njia kwa miezi mingi. Mtu akitia mguu katika theluji laini, huzama mpaka gotini. Lakini akifunga ubao mrefu chini ya kila kiatu, uzito wake huenea, naye hazami. Tena huteleza upesi kama mtumbwi majini. Mbao hizo Wanorwe huziita ski. Watu wa kaskazini walizitumia maelfu ya miaka kwa kuwinda na kwa kusafiri, kabla hazijawa mchezo.

Goti lililokunjwa

Katika jimbo la Telemark, kusini mwa Norwe, kijijini Morgedal, alizaliwa mwaka 1825 mtu aitwaye Sondre Norheim. Alikuwa maskini, akilima katika ardhi ya wengine, na mikono yake ilijua useremala. Zamani zile watu wengi walifunga ski kwa ukanda wa vidole tu. Kiatu kilichezacheza, na mtu aliyetaka kuruka au kupinda upesi aliweza kuachwa na mbao zake. Norheim alisokota mizizi ya miti inayonyumbulika, akaizungusha nyuma ya kisigino, ili kiatu kishikwe vizuri huku kisigino kikiwa bado huru kuinuka. Tena alizichonga mbao zake ziwe nyembamba kiunoni na pana mbele na nyuma, zipate kupinda kwa urahisi. Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 42, alikwenda kushindana katika mji wa Christiania, ambao leo huitwa Oslo, kiasi cha kilometa 200 kutoka kwao, akashinda. Mwaka 1884 alihamia Marekani, na huko Dakota ya Kaskazini alifariki mwaka 1897. Wenzake hawakumsahau: mwenge wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1952, iliyofanyika Oslo, uliwashwa Morgedal, katika meko ya nyumba aliyozaliwa.

Namna ya kupinda njia iliyotoka huko ikaitwa kwa jina la jimbo lile, yaani telemark. Mtelezaji hutanguliza mguu mmoja. Mguu wa nyuma hukunja goti na kisigino chake huinuka. Naye hushuka chini kama Mkristo apigaye goti kanisani, kisha huinuka tena ili ageukie upande wa pili. Hivyo huenda goti kwa goti mpaka bondeni. Katika karne ya ishirini watu wengi wa milimani walianza kufunga na kisigino pia, kwa maana hivyo ni rahisi zaidi kushuka mahali pa mteremko mkali. Namna ya telemark ikabaki kwa wachache, mpaka miaka ya 1970, ambapo vijana wa Colorado, nchini Marekani, waliirudia kwa bidii. Tangu hapo haikufa tena. Wanaoipenda ni wachache, lakini upendo wao ni mkubwa.

Upendo wa vyombo vya zamani

Mtu wa namna hiyo hufuatana na vyombo vyake kwa miaka kumi, ishirini, au zaidi. Msishangae. Mkulima wetu naye hulijua jembe lake hata gizani: mpini umelainishwa na viganja vyake, nao umepata umbo la mkono wake. Ndivyo ilivyo kwa viatu vya ngozi vya telemark. Siku za kwanza huumiza. Kisha ngozi hulegea, ikafuata mfupa na kidole, hata kiatu kikawa kama mguu wa pili. Mtelezaji hajui tena ni wapi mguu wake waishia na ni wapi ubao waanza. Haufikirii ubao; aufikiria mlima tu.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Chombo tulichokizoea hakikai mkononi tu, kimeingia ndani ya mwili. Kwa hiyo siku kinapotuacha, hatupotezi ubao na ngozi peke yake. Twapoteza na sehemu ya ustadi wetu, maana ustadi ule ulijifunza kusema kwa ulimi wa chombo kile.

Nacho kitatuacha tu. Chini ya pua ya kiatu cha zamani mna matundu matatu, ambamo huingia meno matatu ya chuma. Kifungo hicho kilibuniwa mwaka 1927 na Mnorwe Bror With, nacho kikaitwa Rottefella, maana yake mtego wa panya, kwa jinsi kinavyouma kiatu. Baada ya miaka mingi matundu hupanuka, pua ya kiatu hupasuka, nyayo huachana. Wale waliotumia waya wa kuzunguka kisigino huona nyuzi za waya zikikatika moja moja. Hata viatu vya plastiki, vilivyoenea tangu mwanzo wa miaka ya 1990, huzeeka: viko ambavyo hudhoofika na kupasuka ijapokuwa vimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kifungo kikivunjika karibu na nyumba, mtu hucheka na kurudi kwa miguu. Kikivunjika mbali, jioni, katika theluji inayozamisha mpaka kiunoni na baridi inayogandisha vidole, hapo mtu aweza kufa. Basi, mwenye akili hakipendi chombo chake cha zamani hata asiuone ufa wake.

Mambo yaliyobadilika

Mtu huyu akienda dukani leo, ataona kwamba dunia haikumngojea. Ski zake za miaka ya 1970 zilikuwa ndefu, zikipita meta mbili, na katikati upana wake ulikuwa kiasi cha milimita 60. Zile anazoonyeshwa sasa ni fupi kuliko yeye alivyozoea, na upana wake waweza kuwa milimita 90 au 100. Ncha yake, na mara nyingi mkia wake pia, vimeinuliwa kama mtumbwi, ili zielee juu ya theluji laini badala ya kuipasua. Viatu vya ngozi vilivyofika juu kidogo ya fundo la mguu vimekuwa viatu virefu vya plastiki, vinavyoshika mguu mpaka juu ya muundi.

Tena mwaka 2007 Rottefella wenyewe walileta kifungo kipya kinachoitwa NTN. Hiki hakiumi pua ya kiatu kama mtego wa panya; kinashika kiatu kwa chini, katikati ya unyayo, kwa nguvu za chemchemi za chuma. Kwa hiyo kiatu kilichotengenezwa kwa kifungo cha zamani hakiingii katika kipya, wala cha kipya hakiingii katika cha zamani. Mtu aliyekuja kununua viatu tu ajikuta yapasa anunue na vifungo, na fedha zote humtoka mfukoni. Bwana wetu alisema juu ya divai mpya na viriba vipya. Watu wa telemark wameyaona hayo kwa macho. Ni mara chache kubadili kitu kimoja peke yake.

Siku ya kwanza

Sasa mfuateni mtelezaji wetu siku ya kwanza. Amelipa fedha nyingi, ameambiwa kwamba vyombo hivi ni bora, naye asadiki kwamba atateleza vizuri kuliko jana. Afika juu, ajiachilia, akunja goti kama alivyofanya miaka ishirini, na mara yuko chini usoni mwa watu.

Kwa nini? Si kwamba chombo ni kibaya, wala si kwamba mtu huyu ni mjinga. Juu ya mbao zile ndefu na kiatu kile laini, alijifunza kusukuma kwa nguvu na kupiga hatua ndefu sana, goti la nyuma likishuka karibu na ubao, kwa maana hivyo ndivyo alivyopata kusimama imara. Mbao mpya zapinda mara tu zinapolazwa ubavu. Yeye akizisukuma kwa nguvu za zamani, zageuka kabla hajawa tayari. Kiatu kigumu chamsaidia kusimama, lakini kinapeleka kila mshtuko juu, mpaka gotini. Chemchemi zavuta kisigino chini alipozoea kukiinua bila kizuizi. Naye, badala ya kukanyaga kwa kitako cha vidole vya mguu wa nyuma, asimama juu ya ncha za vidole tu, na ubao wa nyuma wapotea bila uzito. Juu ya hayo, mkunjo wa plastiki wabana vidole vyake mpaka vitoke malengelenge.

Yako hatari mbili hapo. Ya kwanza ni ya mwili. Vifungo vingi vya telemark havimwachi mtu aangukapo, kama vinavyofanya vile vya wanaofunga kisigino. Mtu akilazimisha chombo kigumu kwa nguvu za hasira, goti lake laweza kulipa, na goti lililoumia huchukua miezi mingi kupona. Hatari ya pili ni ya roho, nayo ndiyo inayoleta ile ya kwanza. Mtu huyu alikuwa fundi. Vijana walimtazama na kujifunza kwake. Leo anaanguka mbele ya watoto waliozaliwa juzi. Aibu yamwambia maneno mawili: ama asema, vyombo hivi vya siku hizi ni takataka, akarudia waya wake uliokatika, ama ajilazimisha kushuka mahali pa mteremko mkali ili aonyeshe kwamba yeye ni yule yule. La kwanza ni uvivu uliovaa nguo ya heshima ya zamani. La pili ni kiburi.

Namna ya kuzoea

Wenye busara hufanya hivi. Kwanza, huvaa viatu vipya nyumbani jioni nyingi kabla ya kwenda mlimani, wakapanda na kushuka ngazi, ili mguu na kiatu vifahamiane. Soksi ya ndani ya viatu vingi vya siku hizi yaweza kupashwa moto dukani ili ichukue umbo la mguu. Kazi ya miaka kumi ya ngozi hufanyika nusu yake kwa robo saa. Nusu ya pili haina njia ya mkato.

Pili, hawatobowi mbao kwa haraka. Kifungo kikisogezwa mbele au nyuma kwa upana wa kidole tu, ubao hubadilika tabia. Na tundu lililokwisha kutobolewa halirudi. Humwachia fundi anayejua kupima.

Tatu, huchagua mteremko mdogo, mahali wanapofundishwa watoto, wala hawaoni haya. Huko huteleza moja kwa moja bila kupinda; kisha huinua kisigino kimoja, halafu kingine, ili waisikie chemchemi; kisha hupinda mara moja na kusimama. Hatua huwa fupi kuliko zamani, uzito ukigawanywa miguu yote miwili. Wasiposikia maumivu katika goti, huongeza kidogo. Polepole ndio mwendo, na hasa kwa mtu ambaye mwili wake umejaa mazoea ya miaka mingi.

Nne, hawahukumu siku ya kwanza. Theluji ya leo si theluji ya kesho: kuna laini, kuna ngumu kama sakafu, kuna nzito kama udongo wa masika. Mbao pana zinazofurahisha katika theluji laini huchosha fundo la mguu juu ya theluji ngumu. Apaswa mtu kuzijaribu siku kadhaa, katika theluji za namna namna, ndipo aseme ni nzuri au si nzuri.

Tano, hawazitupi zile za zamani kwa dharau. Ikiwa bado ni nzima, mbao nyembamba na viatu vyepesi vya ngozi vyafaa sana kwa safari ndefu za tambarare, pengine kuliko vipya vilivyo vizito. Lakini kitu kibovu hukivua na kukitundika ukutani, wakishukuru kwa kazi yake.

Silaha za Sauli

Mwaikumbuka habari ya kijana Daudi siku alipokwenda kupigana na Goliati. Mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na deraya na upanga. Daudi akajaribu kwenda, asiweze, kwa kuwa hakuzizoea. Akazivua, akatwaa kombeo lake. Wengi huisoma habari hii na kusema: Tazama, vya zamani ni bora. Lakini someni mpaka mwisho. Daudi hakusema kwamba silaha ni mbaya. Alisema kwamba yeye hajazizoea, na siku ya vita si siku ya kujifunza. Siku ile ile alimaliza kazi kwa upanga wa Goliati mwenyewe, na baadaye alipokimbia mbele ya Sauli aliuchukua upanga huo kwa kuhani, akijua hakuna mwingine ulio kama huo. Mchungaji wa kombeo alikuwa amekuwa askari wa upanga. Kwa wakati wake alijifunza.

Na tusisahau jambo moja juu ya Norheim. Leo watu husema telemark ni mchezo wa kale, na wengine hulalamika kwamba vyombo vipya vimeuharibu. Kumbe katika mwaka 1868 mizizi ile iliyosokotwa nyuma ya kisigino ilikuwa ndicho kitu kipya! Kilichodumu tangu siku zile si mzizi, wala waya, wala ngozi, wala mtego wa panya. Vyote vimepita kimoja baada ya kingine. Kilichodumu ni kisigino kilicho huru na goti linalokunjwa. Atambuaye hayo hatababaika siku ya kubadili chombo, maana ajua ni kitu gani apaswa kukishika na ni kitu gani aweza kukiacha.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba fadhila ni mazoea mema, yanayopatikana kwa kurudia matendo mema mara nyingi. Lakini yako mazoea ya fadhila, na yako mazoea ya chombo tu. Mzazi aliyezoea kuwakusanya watoto kwa sala ya jioni, asiiache. Hilo ndilo goti lenyewe. Lakini kama watoto wamekua na saa za kazi zimebadilika, abadili saa au mahali, asigombane kwa ajili ya kiti na taa. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi kwa kitabu kimoja, akipewa kipya, asikidharau kabla ya kukisoma, wala asiingie nacho darasani asubuhi ile ile kabla ya kukaa nacho usiku kucha. Mama aliyeshona kwa cherehani ya mkono akipata ya miguu, aanze na kitambaa cha kupangusia meza, asianze na gauni la arusi la mtu.

Nanyi vijana wa shule, ambao hujifunza vitu vipya kwa siku moja: mkimwona mtu mzima akijikwaa juu ya chombo mnachokijua ninyi, msimcheke. Yeye ana kazi mbili, ninyi mna moja. Ninyi mwajifunza tu. Yeye apaswa kwanza kusahau, na kusahau kwa mwili ni kugumu kuliko kujifunza. Mnyosheeni mkono, asimame tena. Iko siku mbao zenu pia zitachakaa.

Mwalimu wenu